Msaada: zoa za tangi la maji chumvi zimefunga hazifunguki, uyoga pembeni unastawi. Tatizo nini?

#1 Kigoda (Dar)
Wakuu salaam. Nina tangi la maji chumvi la lita 200 sebuleni, linaelekea mwaka wa pili. Ndani mna klaunifishi wawili, konokono wa kusafisha vioo, uyoga (yale matumbawe laini mapana), tumbawe nyundo moja na jiwe la zoa (vile vinyama laini vidogo, jamaa wa matumbawe), kijani pembeni na chungwa katikati.

Zoa ndizo zinazoninyima usingizi. Zamani taa ikiwaka tu zinachanua, sasa zimejikunja zimekuwa kama vifungo vya shati. Chache za juu huchungulia jioni halafu zinarudi. Za pembeni zimerefuka shingo, na kwenye mashina ya baadhi naona vipele vyeupe vidogo. Nyundo nayo inatoa minyiri nusu tu. Cha kushangaza uyoga unazaa kila kona.

Vipimo: joto 27 hadi 28, chumvi 1.025 kwa hidromita (kipima chumvi) ya plastiki, alkalini (uwezo wa maji kuhimili tindikali) 8 dKH, kalsiamu 420, naitreti 0, fosfeti 0. Maji nabadilisha kila baada ya wiki mbili. Picha nimeweka. Nini kinaziua?

#2 Soksi Nyeusi
Napiga kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Mtu wa Mjengo
Yaani uko Dar, bahari hiyo hapo, unaweka nyingine sebuleni halafu inaumwa. Pesa zenu zina kazi.

#4 Dk_Polipu
Mkuu Kigoda, jibu lako liko kwenye vipimo vyako mwenyewe: naitreti 0, fosfeti 0. Hizo zoa zina njaa. Polipu, yaani kila kinyama kimoja cha tumbawe au zoa, anakula kwa njia mbili. Ndani ya nyama yake kuna vimwani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, na yeye mwenyewe hunasa vijidudu na kunyonya virutubisho majini. Ukisafisha maji mpaka sifuri, vile vimwani vinakosa mbolea na polipu anadhoofika. Lenga naitreti 5 hadi 10, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Punguza skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu), lisha samaki zaidi. Na angalia mchangani kama kuna utando wa kahawia unaovutika wenye mapovu. Hizo ni dinofrajeleti, viumbe vya chembe moja, hupenda sana tangi la sifuri sifuri.

#5 Nyangumi Mdogo (Nairobi)
@Dk_Polipu hapo sikubali, boss. Baharini kwenyewe naitreti ni karibu na sifuri na matumbawe yapo tangu enzi. Mbona yale hayafi njaa?

#6 Dk_Polipu
Baharini maji yanapita usiku na mchana yakiwa yamebeba planktoni, vijidudu vinavyoelea. Polipu wa baharini yuko mezani saa zote. Sebuleni kwa Kigoda nani anapeleka planktoni? Ukisoma sifuri kwenye kipimo cha tangi usilinganishe na sifuri ya bahari.

#7 Baridi ya Minnesota
Kabla hamjafika mbali: hidromita ya plastiki, ile yenye kijishale kinachopanda? Kiputo kimoja cha hewa kikiganda kwenye mshale unanyanyuka, unasoma 1.025 wakati maji yako ni 1.022. Zoa na nyundo huonyesha hasira mapema chumvi ikishuka, uyoga ni mvumilivu. Tafuta rifraktomita (inapima chumvi kwa kupinda mwanga), na uisawazishe kwa maji maalumu ya 35 ppt, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo. Wengi husawazisha kwa maji safi ya sifuri halafu wanapima mbali kabisa na hapo.

#8 Mzee wa Bamvua (Kilifi)
#7 kasema kweli nusu. Mshale ukigandwa na chumvi kavu unakuwa mzito, nao unasoma chini, si juu. Kwa hivyo ndugu yetu huenda maji yake yamezidi chumvi. Hidromita hiyo inadanganya pande zote mbili. Ioshe kwa maji ya moto na siki, upime tena, uigonge kidogo povu litoke.

Nauliza: maji ya kubadilisha unayatoa wapi? Unachanganya chumvi ya pakiti au unachota baharini?

#9 Kigoda
Shukrani wote. Zamani nilikuwa nachanganya chumvi ya pakiti na maji ya kunywa ya madumu makubwa. Tangu bei ya chumvi ipande nachota baharini, upande wa Kunduchi, jamaa mwenye bajaji ananisaidia. Nachuja kwa kitambaa naweka moja kwa moja.

#10 Mzee wa Bamvua (Kilifi)
Lini? Masika au kiangazi? Maji yakijaa au yakipwa? Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu? Hapa ndipo penye mambo. Mvua ikinyesha siku tatu, mito inashusha matope, mbolea na kila uchafu wa mjini, na maji ya pwani yanapoteza chumvi juu juu. Mwenye tangi huchota siku za bamvua, maji yamejaa kabisa, jua limewaka siku kadhaa bila mvua, mbali na mdomo wa mto. Usichote ukingoni, ingia na mtumbwi kidogo. Halafu yaache kwenye pipa gizani, yaliyo hai yatulie, ndipo uyatumie. Maji mafu hayana nguvu, uchafu unakaa pale pale.

#11 Binti Mizingani (Zanzibar)
Mzee #10 umenikumbusha. Huku kwetu mvua kubwa ikipiga, maji ya mbele ya mji yanageuka rangi ya chai. Mie singeweka hayo hata kwenye beseni. Lakini mnasema chumvi, chumvi, na hakuna aliyeangalia vile vipele vyeupe. Kigoda, vipele vipo kwenye mashina au kwenye sahani ya juu ya mdomo? Na hazina kitu kinachotembea usiku?

#12 Kigoda
Mashinani. Usiku sijawahi kuangalia.

#13 Binti Mizingani (Zanzibar)
Basi leo usiku, taa zikishazimwa muda mrefu, chukua tochi yenye karatasi nyekundu na uangalie chini ya mkeka wao, ile ngozi ya chini inayowaunganisha. Tafuta koa wa baharini anayekula zoa. Ni mjanja: anavaa rangi ya kile anachokula, minofu ya mgongoni inafanana na minyiri ya polipu, mchana humwoni hata akiwa mbele ya pua. Mayai yake ni kijisinia cheupe kilichozungushwa. Angalia pia konokono bapa wenye ganda la mzunguko lenye madoadoa meusi na meupe. Hao wanachoma mdomo kwenye shina moja moja.

Usipokuta mdudu, vipele vyeupe huitwa ndui ya zoa, na hapo unaogesha jiwe zima.

#14 Soksi Nyeusi
Ndui! Hata huku?

#15 Mtu wa Mjengo
Sasa mnachanja au mnasali? 😂

#16 Dk_Polipu
Kuogesha kwa ayodini kwa dakika chache kunasaidia kwa vidonda na bakteria, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 iliyochanganywa na maji ya tangi inasaidia kwa mwani. Kwa mayai ya koa havifanyi kitu, yatoe kwa kibanio na mswaki. Mwogo lazima uwe na joto na chumvi sawa na tangi, ukizidisha muda umeua mgonjwa.

TAHADHARI, hii si mzaha. Zoa na hasa jamaa zake palithoa wana sumu iitwayo palitoksini, miongoni mwa sumu kali kabisa za viumbe. Ilitengwa 1971 kutoka Palythoa wa Hawaii. Vaa glavu, vaa miwani, usiguse kwa mkono wenye kidonda, usikwaruze jiwe ukiwa juu yake uso kwa uso. Na usichemshe jiwe lenye zoa wala kulimwagia maji ya moto. Mvuke wake umepeleka familia nzima hospitali huko kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani.

#17 Kigoda
Hilo la kuchemsha sikulijua, jirani yangu alikuwa anapanga kulichemsha kuondoa mwani. Nimempigia.

#18 Mkazi wa Muttrah (Muscat)
Assalamu alaikum. Mnazungumza chumvi na koa, mimi nauliza joto. 28 mnasema ni sawa, lakini hiyo ni saa ngapi? Sebule ya Dar saa nane mchana, feni imezimwa, madirisha yamefungwa, taa ya tangi imewaka, maji yanaweza kugusa 31. Huku Muscat bila chila (mashine ya kupoza maji) huwezi. Nina kipimajoto chenye kumbukumbu ya juu na chini. Nunua hicho kabla ya dawa yoyote.

#19 Nyangumi Mdogo (Nairobi)
Hapo nakubali. Polipu hata akivumilia joto la siku moja, yakikaa hivyo anaanza kuwafukuza vimwani wake na anapauka. Lakini zoa za Kigoda hazijapauka, zimefunga tu rangi ikiwa ipo. Tutofautishe kufunga na kupauka.

#20 Mzee wa Bamvua (Kilifi)
Ah, kupauka. Mwaka 1998, El Niño ilipotupitia, niliona miamba ya huku ikigeuka nyeupe kutoka ufuoni hadi ukingo wa nje. Nyeupe kabisa, ukipiga mbizi unaona mwamba unang'aa chini kama umechomwa chokaa. Baadaye mwani ukaota juu. Mingine ikarudi, mingine mpaka leo.

#21 Binti Mizingani (Zanzibar)
Wakati wa 1998 Bahari ya Hindi magharibi yote ilipata, Mafia na huku Unguja pia. Na 2024 NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, ilitangaza tukio la nne la kupauka duniani kote. Ukifikiria hivyo, tangi la Kigoda si kisa cha pekee.

#22 Mtu wa Mjengo
Lakini hao polipu si ndio babu zetu waliwachoma chokaa? Tanuri la matumbawe lipo mpaka sasa kwetu mjomba. Msikiti wa Kilwa, nyumba za Lamu, Mji Mkongwe, zote mifupa ya polipu. Leo mnawaogesha kwa ayodini. Dunia ina maajabu.

#23 Soksi Nyeusi
Halafu ni mmea au mnyama? Mimi nilisoma ni jiwe.

#24 Dk_Polipu
Mnyama. Jiwe ni nyumba aliyojijengea. Zoa hana hata nyumba hiyo, ni mwenyeji wa mkeka tu, ndiyo maana akidhoofika huyeyuka haraka.

Turudi kwa Kigoda. Taa ulibadilisha?

#25 Kigoda
Ndiyo, nilinunua LED mpya ya rangi ya buluu na nyeupe, naiwasha asilimia mia. Ile ya zamani ilikuwa mirija miwili. Zoa ziko katikati ya jiwe, uyoga uko chini kivulini.

#26 Baridi ya Minnesota
Kumbe! Basi vidokezo vyote viwili vimeungana. Uyoga unapenda kivuli, uko chini, unastawi. Zoa zimekaa chini ya taa kali ghafla, zimefunga kujikinga. Teremsha taa hadi asilimia 30, ongeza kidogo kidogo kila wiki. Mwanga wa masaa manane kwa siku unatosha.

#27 Nyangumi Mdogo (Nairobi)
Lakini #1 alisema za pembeni zimerefuka shingo. Polipu anayerefuka anatafuta mwanga, haukimbii. Sasa mwanga umezidi au umepungua?

#28 Binti Mizingani (Zanzibar)
Za pembeni zimefunikwa na kivuli cha nyundo huenda, za juu zinaungua. Jiwe moja linaweza kuwa na sehemu mbili zenye mwanga tofauti. Nyundo ana minyiri mirefu inayochoma usiku pia, huenda anawachapa jirani zake. Msogeze mbali.

#29 Kaka Pweza (Tanga)
Naingia kwa kuchelewa. Hakuna aliyeuliza swali la kwanza la nyumba za huku: mnapuliza dawa ya mbu? Nyumba nyingi jioni ni pshh pshh. Dawa za jamii ya pairethroidi ni balaa kwa kamba na jamii yake, na ni sumu kwa samaki pia, na pampu ya hewa na skima vinavuta hewa ya chumba moja kwa moja majini. Kamba ndiye huguswa kwanza. Kigoda, kamba ulikuwa naye?

#30 Kigoda
Nilikuwa na kamba msafishaji. Alikufa ghafla mwezi uliopita, nikasema uzee. Na nyumbani tunapuliza, mke wangu anapuliza korido kila jioni. 😳

#31 Kaka Pweza (Tanga)
Nimemaliza.

#32 Mzee wa Bamvua (Kilifi)
Hujamaliza, kijana. Kamba hufa kwa chumvi kupanda na kushuka, hufa kwa kujibadili ganda vibaya, hufa kwa shaba. Kamba mmoja si shahidi. Je, nyundo na uyoga navyo havipumui hewa hiyo hiyo? Uyoga mbona unazaa?

#33 Kaka Pweza (Tanga)
Uyoga ukiupa maji ya mfereji bado unazaa. Usiutumie kama shahidi pia, mzee wangu.

#34 Mtu wa Mjengo
Mke ashatajwa, uzi umekuwa wa kifamilia. Kigoda, leo unalala nje na tangi lako.

#35 Baridi ya Minnesota
Mzee #32, shaba umeitaja vizuri. Kigoda, klaunifishi uliwahi kuwatibu ndani ya tangi hilo kwa dawa ya madoa meupe? Nyingi zina shaba, inaingia kwenye mawe na kutoka polepole. Na maji ya madumu: pima kwa TDS, kipimo cha madini yaliyoyeyuka majini. Maji mengi ya kunywa yameongezwa madini makusudi, TDS 60 au 100 si ajabu. Kwetu huku mfereji una kloramini (dawa ya kuua vijidudu), nalazimika kutumia RO (chujio la utando) na chujio la ioni mpaka isome 0.

#36 Mkazi wa Muttrah (Muscat)
Weka kaboni mpya leo, itavuta dawa ya mbu kama ipo. Lakini usiweke nyingi kwa mpigo, maji yakiwa wazi ghafla mwanga unazidi tena, ukaunguza walio salama.

#37 Dk_Polipu
Na alkalini. 8 ni kipimo cha siku ile. Baadhi ya pakiti za chumvi zinatoka na 11 au 12, ya bahari ni karibu 7. Kubadilisha chumvi ya pakiti na bahari kwa zamu ni kumpandisha na kumshusha polipu kila wiki mbili. Bora 7.5 ya kudumu kuliko 9 inayoruka. Nawaambia kila siku, hamsikii.

#38 Soksi Nyeusi
Kwa hiyo mpaka sasa: njaa, chumvi, koa, ndui, joto, mwanga, nyundo, mbu, shaba, alkalini. Kigoda ungeuliza tu nini HAKIZIUI.

#39 Mshauri wa Bure
Kwani si uende kisiwani Mbudya ukachukue zoa mpya bure? Unatafuta shida.

#40 Binti Mizingani (Zanzibar)
@Mshauri wa Bure jina lako linakutosha. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, huchukui chochote, hata kipande kilichovunjika.

#41 Nyangumi Mdogo (Nairobi)
Na matumbawe ya mawe yapo Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyavusha mpaka ni vibali.

#42 Dk_Polipu
Sahihisho dogo: matumbawe ya mawe ndiyo yamo, nyundo akiwemo. Zoa si tumbawe la mawe, hayumo kwenye orodha hiyo. Lakini sheria ya hifadhi haijali orodha ya CITES. Na jiwe linalobeba zoa lenyewe mara nyingi ni mfupa wa tumbawe.

#43 Mshauri wa Bure
Sawa sawa, nilikuwa natania. Mbona mnanirukia kama mimi ndiye koa?

#44 Kigoda
Wakuu, mrejesho. Usiku niliangalia kwa tochi: koa sijamwona, lakini chini ya mkeka nimekuta kitu cheupe kilichozungushwa nusu, nimekitoa kwa kibanio. Huenda yai, huenda chochote. Rifraktomita ya kuazima ilisema 1.023, nimeanza kuipandisha. Taa nimeshusha hadi asilimia 35. Nimemwomba mke apulize mbali na sebule, amekubali kwa sharti nisimwage maji kwenye zulia. Kaboni nimeweka, nyundo nimesogeza. Klaunifishi niliwapata kwa jamaa aliyekuwa anafuga. Sijui aliwapa dawa gani, nitamuuliza.

#45 Mzee wa Bamvua (Kilifi)
Mengi kwa siku moja! Zikifunguka utajua ni ipi kati ya hayo? Ungebadili moja, ukae kidogo.

#46 Kaka Pweza (Tanga)
Mwenye mgonjwa hangoji, mzee.

#47 Kigoda
Leo jioni nne za juu zimechanua, chungwa lake kamili, hata sahani ya katikati imetanuka. Za pembeni bado zimejikunja na vipele vipo. Nyundo ametoa minyiri zaidi ya jana.

#48 Dk_Polipu
Nilisema njaa. Ulilisha zaidi?

#49 Kigoda
Nimelisha, ndiyo. Nusu ya mchemraba wa vijidudu vya kugandisha.

#50 Baridi ya Minnesota
Na chumvi imepanda kutoka 1.023. Usisahau hiyo.

#51 Kaka Pweza (Tanga)
Na mbu hawapulizwi sebuleni. 😏

#52 Mkazi wa Muttrah (Muscat)
Leo Dar mvua imenyesha, joto limeshuka. Umepima saa nane mchana?

#53 Kigoda
Sijapima mchana, nipo kazini. Nitanunua kile chenye kumbukumbu mwisho wa mwezi. Ila chila hapana, umeme wa LUKU utaniua kabla ya zoa. Feni ndogo ya kompyuta juu ya maji inatosha?

#54 Mkazi wa Muttrah (Muscat)
Inashusha nyuzi mbili hivi, ila maji yanakauka haraka. Unajazia maji matamu safi, usijazie ya chumvi, la sivyo chumvi itapanda kila siku ukarudi kwa #8.

#55 Binti Mizingani (Zanzibar)
Za pembeni ziogeshe lakini, ndui haiondoki kwa feni. Glavu na miwani, #16.

#56 Kambale Sugu
Jamani samahani kuingilia, mimi nina ndoo ya lita 60 na kambale watatu. Nikiongeza chumvi kidogo wanaweza kuishi na hizo zoa?

#57 Mtu wa Mjengo
Fungua uzi wako ndugu, na weka picha ya kambale.